Jina la Mateu Halijibiwi

Tangu nistaafu, vijana wa ofisini mmenijia mara nyingi mkitaka niwaandikie habari za kazi. Najua mnachotaka: jumuiya ilianzaje, nani alikuwa nani, na nani alipandishwa cheo juu ya kichwa cha nani. Hayo mkamuulize mwingine, wapo wanaoyapenda. Mimi nitawaandikia habari za kile kigoda kifupi mnachokitumia kuwekea birika la chai. Nimegundua hamjui ni cha nini, na kila nikiingia pale nikaona birika juu yake roho inaniuma.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Ziwani, mtoto wa wakulima wa korosho na muhogo, ninayejua kuandika upesi na kusema Kimakonde, Kiswahili cha shule, na Kimakua cha kuombea maji ya kunywa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wanatolewa kwenye mashamba yao ya mbali kwenda kukaa pamoja kando ya barabara, na ng'ambo ya Ruvuma vita vilikuwa vinaendelea. Waliokimbia vita hivyo walivuka mto wakaja kwetu, wakapokewa, ila kila penye kugawana viwanja walijikuta mwisho wa foleni. Jumuiya yetu ya kutetea haki ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya ghala la korosho mjini Mtwara, Landrover moja yenye homa za vipindi, na watu wachache wa kujitolea. Tulisikiliza malalamiko ya wasio na wa kuwasemea, tukajaribu kupatanisha kabla mambo hayajafika mahakamani. Nguo zetu zilinuka korosho mwaka mzima. Mama alikuwa akijua nimefika nyumbani kabla sijapiga hodi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nassoro, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama. Alikuwa mtu mwembamba, mkali kwa mambo madogo, na mfukoni hakukosa karanga. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Binti, unaweza kunyamaza?"

"Naweza, Mzee."

"Umeshashindwa," akasema, akanipa ufagio.

Nilichukia. Nilikuwa nimetoka shuleni na vyeti vyangu, na mtu ananipa ufagio. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alitaka nifagie chumba cha shauri huku watu wanazungumza, nisikie bila kuonekana nasikia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hekima au alikuwa tu hana mfagizi.

Katika chumba hicho mlikuwa na kiti chenye mgongo na kigoda kifupi cha mpingo alichokichonga fundi wa Kimakonde. Mlalamikaji alikaa kwenye kiti, mlalamikiwa kwenye kigoda. Halafu ikaja kanuni ya Mzee Nassoro, aliyoiita kurudisha neno. Mlalamikaji anasema yote mpaka amalize. Mlalamikiwa haruhusiwi kujitetea hata kwa kuguna. Kwanza ayarudishe malalamiko yale kwa kinywa chake mwenyewe, mpaka mlalamikaji aseme, "Ndivyo." Akikosea, mlalamikaji anasema, "Sivyo," naye anaanza upya. Hakuna utetezi kabla ya "ndivyo".

Mnacheka, lakini jaribuni. Walikuja mashemeji wawili wa Nanyamba waliokuwa wanagombania mkorosho wa mpakani. Yule wa kwenye kigoda alirudisha habari za mpaka, akaambiwa sivyo. Akarudisha habari za korosho zilizookotwa, sivyo. Jua likaegemea. Mwishowe akasema kwa hasira, "Basi labda unalalamika kwamba nilipita mbele ya mlango wako nikaokota bila kukusalimu!" Shemeji yake akasema, "Ndivyo." Kesi nzima ilikuwa salamu. Mkorosho wenyewe walikubaliana kabla hawajafika kituo cha basi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Faraji, mwalimu aliyeacha ualimu kwa ajili ya jumuiya. Nilimpenda sana, niseme mapema, nisije nikaonekana namsengenya. Angeweza kutembea kwa miguu mpaka Msimbati kumtetea mjane asiyemjua. Ila alipenda kusema. Akipewa nafasi ya kufungua mkutano, waliokuja na watoto wachanga walirudi na watoto wanaotembea. Mlangoni mwa Landrover aliamuru yaandikwe kwa rangi nyeupe maneno haya: SISI NI SAUTI YA WASIO NA SAUTI. Mzee Nassoro alipoyaona aliyasoma polepole, akatafuna karanga.

Kwenye mikutano ya vijijini tulikuwa na shida ya kuwakusanya watu. Waliotoka ng'ambo waliogopa mikutano, na hawakukosa sababu. Ndipo Hamisi, dereva wetu ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi wa rekoda na kipaza sauti, alipotuletea habari za mpiga zeze aitwaye Lukasi. Lukasi alikuwa mtu wa asili ya ng'ambo, amelima na mama yake na mdogo wake karibu na mdomo wa Ruvuma tangu walipovuka. Mdogo wake, Mateu, alirudi ng'ambo kuwabebea wapigania uhuru mizigo, na tangu hapo hakuna aliyemwona wala kusikia habari zake. Lukasi alimtungia wimbo. Hamisi alisema watu wakiusikia wanaacha jembe shambani wanakuja.

Tulikwenda kumrekodi. Nakumbuka ua uliofagiwa vizuri, na mama yake, Bibi Veronika, mwanamke mfupi mwenye chale usoni na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kupambia mdomo, katika mdomo wa juu, ndonya yenyewe ameshaiacha. Jua likianza kushuka alitoka na mkeka mpya, akautandika barazani, akauwekea mto. Nikadhani ni wetu wageni, nikataka kukaa. Lukasi akanishika mkono.

"Huo wa Mateu, dada Sharifa. Mama anautandika kila jioni."

Nikakaa chini kwenye mchanga, na sikujuta.

Wimbo ulikuwa mzuri kuliko nilivyoambiwa. Ulikuwa unauliza njia: nani amemwona, amepita kivuko gani, amelala kwa nani. Mwishoni Lukasi aliacha kupiga zeze, akaita, "Mateu! Mateu! Mateu weee!" Halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka nikamtazama Hamisi kuona kama rekoda imekufa. Kisha zeze likaanza tena taratibu, ukaisha. Ndugu Faraji alimwomba Lukasi ruhusa ya kuutumia wimbo kwenye mikutano yetu. Lukasi alikubali kwa furaha. "Upelekeni," alisema. "Huenda ukafika masikioni mwake." Nami niliyaandika maneno ya wimbo kwa Kiswahili.

Kasoro ilianzia mjini. Hamisi alipoupiga wimbo kwenye kipaza sauti kwa majaribio, watu waliokuwa nje ya ghala walisikiliza mpaka penye kile kimya, wakaanza kuondoka. "Ukanda umekata," mmoja akasema. Lazima mkumbuke miaka ile ilivyokuwa. Kila wito ulikuwa na kiitikio. Mtu akisema "Uhuru!" hata aliyekuwa anapaliza muhogo upande wa pili wa kijiji aliinua mkono akajibu. Mtoto alijua kuitikia kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Wito usioitikiwa ulisikika kama chombo kibovu, au, vibaya zaidi, kama watu wabishi. Ndugu Faraji akapata wazo. Alikwenda kwenye shule aliyowahi kufundisha, akachukua kwaya ya wanafunzi, na pale penye kimya wakarekodiwa wakiitikia kwa sauti moja: "Tupo!"

"Mateu weee!" "Tupo!" Ilikuwa inasisimua mwili, siwezi kuwadanganya. Sote tulipiga makofi.

Tuliupiga wimbo huo katika vijiji vingi, na watu wakaja. Wengine walikuja wakasimama mbali, wakatutazama kwa namna nisiyoielewa, wakaondoka bila kuagana. Halafu tukafika kijijini kwa Lukasi siku ambayo mwenyewe hayupo, amekwenda kupiga kwenye harusi Kilambo. Landrover ilipita polepole karibu na ua ule, kipaza sauti kimeelekea barazani.

Wiki ile ile Lukasi alikuja ofisini, zeze limefungwa kwenye kitambaa. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mmemzika ndugu yangu," alisema.

Ndugu Faraji akatoka chumba cha pili. "Nani kamzika? Mateu ameonekana?"

"Mmemzika ninyi. Mama ameukunja mkeka, ameufunga kamba. Amelala jikoni chini, uso ukutani. Hali. Hanywi mpaka nimlazimishe. Anasema ameusikia mwito wa maziko kwa masikio yake."

Tulichokielewa kidogo kidogo ni hiki. Sijui kama ni desturi ya Wamakonde wote. Kwetu Ziwani, sisi Waislamu, hatuna. Kwa ukoo wa mama yake Lukasi, mtu akifa huitwa jina kaburini, na walio hai huitikia, "Tupo." Maana yake: sisi ndio tuliobaki, wewe nenda salama. Lakini mtu aliyepotea akiitwa, haitikii mtu yeyote. Nafasi ya kujibu ni yake peke yake, na maadamu hakuna aliyemjibia, bado anangojwa. Mama yule alikuwa ameilinda nafasi hiyo kwa miaka, na sisi tulipita na gari tukaijaza.

Ndugu Faraji alifadhaika, lakini ulimi wake ulimtangulia. "Ndugu Lukasi, hatukujua. Tulikuwa na nia njema. Na ruhusa ulitupa mwenyewe, Sharifa hapa ni shahidi. Tutakwenda kumweleza mama kwamba ni kwaya tu, ni watoto wa shule."

"Mmweleze nini?" Lukasi alisema. "Anajua ni watoto. Maziko hayaangalii umri wa mwitikiaji."

Mzee Nassoro, aliyekuwa amekaa dirishani, akanyanyuka. Alikivuta kile kiti chenye mgongo akakiweka mbele ya Lukasi. Kisha akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka mbele ya mwenyekiti.

"Mimi nikae hapo?" Ndugu Faraji akauliza.

"Kigoda hakijui vyeo, Ndugu Mwenyekiti."

Sijawahi kuona chumba kile kikiwa kidogo namna ile. Ndugu Faraji alikuwa mtu mrefu. Alipokaa, magoti yalimfika kidevuni. Lukasi alikaa kwenye kiti, akasema yake tena tangu mwanzo, bila kupaza sauti. Alipomaliza, Mzee Nassoro akasema, "Rudisha."

"Unalalamika," Ndugu Faraji akaanza, "kwamba tumeutumia wimbo wako kinyume cha makubaliano."

"Sivyo. Wimbo niliwapa."

"Unalalamika kwamba tumeuongezea kitu bila kukuuliza. Kazi ya msanii imechezewa."

"Sivyo. Mimi nauchezea kila siku."

Mwenyekiti akavuta pumzi. Akaanza kusema juu ya akina mama wote waliopoteza watoto kwa ajili ya ukombozi, juu ya dhuluma ya wakoloni, juu ya mto unaotenganisha ndugu. Yalikuwa maneno mazuri, na mimi machozi yalinilenga. Karanga ilisikika ikivunjika kinywani mwa Mzee Nassoro.

"Sivyo," Lukasi akasema.

"Basi nisaidie!" Ndugu Faraji akafoka. "Niambie unataka niseme nini!"

"Nikikusaidia, njomba, nitakuwa nimekujibia na wewe."

Nilimtazama mwenyekiti wetu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona hana la kusema. Alitazama sakafu kwa muda mrefu. Nje wapakizi walikuwa wanatupiana magunia. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ya chini, na hakutoa hotuba, aliuliza.

"Huo mkeka, ameufunga kwa kamba ya nini?"

"Ya ukindu. Ile tunayofungia maiti."

Ndugu Faraji akafunika uso kwa viganja. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja: "Mama yako alikuwa anamngoja mwanawe. Kujibu ilikuwa haki ya Mateu peke yake. Sisi tuliona pako wazi, tukadhani hapana mwenyewe. Tukamjibia. Mama yako amesikia mwanawe anazikwa na watu ambao hawajui kama amekufa."

"Ndivyo," Lukasi akasema, na yeye ndipo alipolia.

Mwenyekiti hakujitetea. Kanuni ilimruhusu sasa, lakini hakujitetea. Aliuliza tu kama liko la kufanya. Lukasi alisema amekwisha kumuuliza mjomba wao, na mjomba amejibu kwa neno fupi: "Aliyejibu arudi, anyamaze."

Mtaona ni jambo jepesi. Halikuwa jepesi hata kidogo. Ilibidi kwaya yote ipatikane, maana kila aliyetoa sauti alitakiwa awepo, na wazazi wa watoto waliuliza, kwa haki kabisa, watoto wanapelekwa msibani kufanya nini. Katibu kata wa kule naye alipata wasiwasi. Alikuwa mtu mwema mwenye kofia, anayeogopa wakubwa wake. "Mkutano ambao mtu anaita na wananchi hawaitikii?" aliniuliza. "Nikiulizwa nitasemaje?" Nikamwambia aseme ni msiba. Akasema lakini hakuna aliyekufa. Nikamwambia ndiyo sababu tunakwenda. Alikubali kwa sharti kwamba naye awepo, ili kama kuna uchochezi auone kwa macho.

Njiani kwenye Landrover Mzee Nassoro aliwafundisha watoto kunyamaza. Aliita majina yao mmoja mmoja, na aliyeitika alipewa karanga moja kama adhabu, ale awe na kazi mdomoni. Wengi walikosa kwa makusudi.

Tulikuta ua haujafagiwa. Hilo peke yake lilinitia huzuni. Bibi Veronika alikuwa jikoni, mlango uko wazi, tunaona nyayo zake tu. Hakutoka kutupokea. Lukasi alikaa barazani mahali ambapo mkeka ulikuwa ukitandikwa, akaanza kupiga. Majirani walijaa nyuma yetu. Ndugu Faraji alisimama mbele na kwaya, kofia mkononi.

Wimbo ulipita, njia zikaulizwa zote. Zeze likanyamaza.

"Mateu!"

Nilisikia miili ya watu inavyotaka kujibu. Ni kitu cha ajabu, siwezi kukieleza vizuri. Mazoea yalikuwa kooni kwa kila mtu. Binti mmoja wa kwaya alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mateu!"

Katibu kata mkono wake ulinyanyuka wenyewe. Aliutazama kama si wake, akaushusha, akaukamata kwa ule mwingine.

"Mateu weee!"

Ndugu Faraji alikuwa ameuma mdomo. Kuku alipita katikati yetu anachakura. Tulinyamaza, na kadiri tulivyonyamaza ndivyo kimya kilivyokuwa cha mtu, siyo chetu. Mimi sikuwahi kumwona Mateu, lakini siku ile nilihisi pengo lake, na nikaelewa kwa nini mtu analilinda. Hatukujua tungoje nini. Lukasi hakurudi kwenye zeze; alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo tukasikia jikoni mkeka unakung'utwa.

Alitoka ameushika kwapani, mama yule, amekonda mpaka chale zimejikunja. Hakututazama. Lukasi akasogea, naye akautandika pale pale, akaunyoosha pembe, akaupapasa. Alipomaliza alimgeukia mwenyekiti wetu akasema kwa Kimakonde, nami nikatafsiri: "Umechelewa kunyamaza, lakini umenyamaza." Kisha akamwambia Lukasi ana njaa. Jirani alileta uji wa muhogo, akanywa mbele yetu, na mimi nililia kama mtoto wa kwaya.

Hatukuishia hapo, maana tulikuwa tumelijibia jina lile katika vijiji vingine vingi. Hamisi aliifuta sauti ya kwaya, tukarudia njia yote na wimbo wenye kimya. Penye kimya, Hamisi alipanda juu ya boneti akainua mkono, watu wasidhani ukanda umekata. Kule Msimbati, mkono wa Hamisi ukiwa bado juu, mwanamke mmoja kwenye umati aliita jina jingine. Ni la mumewe. Hakuna aliyejibu. Mwanamume mmoja akaita jina la dada yake. Likaja jingine, na jingine, na baina ya kila jina tukanyamaza. Hao ndio waliokuwa wakisimama mbali na kuondoka bila kuagana. Siku hiyo walikaa, na kesho yake walikuja na mashauri yao ya viwanja, nami nikayaandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Tuliporudi mjini Ndugu Faraji alimwita fundi rangi. Maneno ya mlangoni yakafutwa, pakabaki doa la kijani lisilofanana na gari. Aliendelea kuhutubia, mtu haachi asili, lakini alijifunza kumalizia kwa swali.

Miaka ikaenda. Vita vya ng'ambo viliisha, watu wengi wakavuka kurudi kwao, na wengine wakavuka kuja kutafuta ndugu zao. Bibi Veronika hakuhama. Aliogopa Mateu asije akakuta ua mtupu. Kila nilipopita na kazi za upande ule nilishuka kumsalimu, na kila jioni niliyokuwapo mkeka ulitandikwa. Mikeka ilichakaa, akasuka mingine. Mateu hakuja. Mzee Nassoro alitutangulia mbele ya haki. Aliniachia kile kigoda, akasema nisimpe mtu asiyeweza kunyamaza. Mpaka leo namtafuta anayeweza.

Asubuhi moja Lukasi alikuja ofisini, mvi zimemjaa, zeze kwenye kitambaa kile kile. Safari hii alikaa kwenye kiti.

"Mama ametutoka," alisema. Nilipomaliza kumpa pole akaendelea: "Hakuna tena wa kumngoja Mateu. Mimi siwezi peke yangu. Njooni mmjibie."

Tulikwenda wote tuliobaki: mimi, Hamisi, na Ndugu Faraji, ambaye alikuwa anatembelea fimbo. Baadhi ya watoto wa kwaya walikuja, wakiwa sasa na watoto wao. Bibi Veronika alizikwa amelazwa juu ya mkeka wa Mateu, kama alivyousia. Padri alipomaliza, Lukasi aliliita jina la mama yake, tukaitikia, "Tupo," bila taabu. Alikuwa mzee, alikuwa amechoka.

Halafu akapiga ule wimbo wa Mateu. Njia zikaulizwa zote, vivuko vyote. Zeze likanyamaza.

"Mateu!" akaita.

Tukanyamaza. Akaita mara ya pili, tukanyamaza. Akaita kwa ule mwito mrefu, akatugeukia akitusihi kwa macho, na bado hakuna aliyefungua kinywa. Ndugu Faraji alijaribu. Sauti haikutoka. Nilitazama kule kwenye mikorosho, kwenye njia inayotoka mtoni. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu.

"Tupo," nikasema.

Na wengine wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Lukasi alinisogelea akiwa analifunga zeze lake. "Mbona mlikawia hivyo, dada Sharifa?" aliuliza. "Nilidhani mmekataa."

"Hatukukataa," nikamwambia. "Tulikuwa tunampa nafasi mwenyewe."